Ncha ya juu ya mchoro wa jotoridi: tuviamini kiasi gani vipimo vya leza juu ya Aktiki?

Mwanga_wa_Kaskazini aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasomea fizikia ya angahewa, na kwa miezi kadhaa sasa nimezama katika habari za lida, chombo kinachorusha mapigo ya leza kuelekea juu na kuupokea kwa darubini ule mwanga mchache unaorudi. Kilichonivuta zaidi ni kazi inayofanywa juu ya Aktiki, katika vituo kama ALOMAR kwenye kisiwa cha Andøya huko Norwei, Poker Flat katika Alaska, na Eureka katika kisiwa cha Ellesmere nchini Kanada, karibu na nyuzi 80 za latitudo ya kaskazini. Sababu ya kutumia leza nimeielewa. Angahewa ya kati, ambayo hapa naihesabu tangu kilomita 10 au 15 hadi karibu 100 kutoka ardhini, haifikiki kwa urahisi: puto za hali ya hewa hupasuka zikifika kilomita 30 na kitu, satelaiti haiwezi kudumu humo kwa kuwa hewa ingeikokota hadi ianguke, na roketi hupita kwa dakika chache tu, kisha safari yake imekwisha.

Kinachonitatiza ni jinsi fotoni zinavyogeuka kuwa jotoridi. Leza haina kipimajoto. Chombo kinahesabu fotoni tu, lakini mwishoni nakabidhiwa mchoro wa jotoridi kutoka kilomita 30 hadi 85. Hivi karibuni nilipewa hesabu za fotoni za usiku mmoja wa Januari ili nifanye zoezi. Maelekezo yalinitaka nianzie juu kabisa, kwenye kilomita 85, kwa jotoridi la kukadiria, nami nikachukua Kelvini 200 kutoka kwenye jedwali. Kwa kutaka kujua tu, nikarudia hesabu nzima kwa Kelvini 220. Ncha ya juu ya mchoro ikahama waziwazi, ila nilipofika kilomita 65 kwenda chini, michoro miwili ililala mmoja juu ya mwingine, tofauti isiyofika hata Kelvini moja.

Naomba nisaidiwe kwa mambo matatu. Kwanza, kwa nini makadirio mabaya ya juu yanasahaulika huko chini? Pili, ikiwa sehemu ya juu inategemea makadirio yangu mwenyewe, je, tunaweza kusema lolote la uhakika juu ya kilomita 80 hadi 90, ambako ndiko Aktiki ina maajabu yake makubwa? Tatu, wakati wa kiangazi jua halitui huko kwa wiki nyingi mfululizo. Mwanga dhaifu wa leza unatofautishwaje na anga lililojaa nuru ya mchana?

---

Mhesabu_Fotoni alijibu:

Karibu, ndugu. Zoezi ulilolifanya kwa hiari yako, la kubadilisha namba ya mwanzo na kutazama nini kinatokea, ndilo ambalo ningemtaka kila anayeanza alifanye kabla hajaamini mchoro wowote.

Tuanze na kinachorudi. Juu ya kilomita 30 hivi, angahewa kwa kawaida haina vumbi wala matone ya kutosha kusumbua, kwa hiyo mwanga unaotawanywa na kurudi unatoka kwa molekuli za nitrojeni na oksijeni peke yake. Huo ndio mtawanyiko wa Rayleigh. Kiasi kinachorudi kutoka kimo fulani kinalingana na idadi ya molekuli zilizopo pale, kikigawanywa kwa kipeo cha pili cha umbali. Kimo chenyewe tunakipata kwa saa: mwanga hutembea takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo pigo lililorudi baada ya milisekunde 0.4 lilikwenda kilomita 60 na kurudi kilomita 60. Tukigawa muda wa kusubiri katika vipande vya mikrosekunde moja moja, kila kipande ni tabaka la hewa lenye unene wa mita 150. Basi tukizidisha hesabu za kila tabaka kwa kipeo cha pili cha umbali, tunapata umbo la densiti ya hewa kutoka chini hadi juu. Nasema umbo, kwa sababu densiti kamili hatuijui, na uzuri wa njia hii ni kwamba hatuihitaji.

Sasa jotoridi. Kanieneo ya hewa mahali popote ni uzito wa hewa yote iliyo juu ya mahali hapo. Ukijua densiti ya kila tabaka, unaweza kujumlisha uzito huo kutoka juu ukishuka, na ukiwa na kanieneo na densiti za kimo kilekile, kanuni ya gesi inakupa jotoridi. Kwa kuwa jotoridi linatoka kwenye mgawanyo wa kanieneo kwa densiti, kila kizidishi kisichobadilika na kimo kinajifuta chenyewe: nguvu ya leza, ukubwa wa kioo cha darubini, hata utandu mwembamba wa mawingu ya chini uliokula nusu ya mwanga. Njia hii ilielezwa na Hauchecorne na Chanin mwaka 1980 kwa vipimo vya Ufaransa vilivyofika kilomita 70, na mpaka leo ndiyo inayotumika karibu kila mahali.

Hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo. Ukianzia kilomita 85, kuna hewa iliyobaki juu yako ambayo hukuipima, na uzito wake ndio unaoukadiria unapochagua Kelvini 200 au 220. Mwanzoni mzigo huo wa kukadiria ndio kanieneo yote uliyo nayo. Lakini kila unaposhuka unaongeza hewa uliyoipima kweli, na hewa inazidi kuwa nzito upesi sana: katika mesosfia, yaani tabaka la kilomita 50 hadi 85 hivi, kila kilomita 6 hivi densiti inaongezeka kwa mara 2.7. Kosa la jotoridi linapungua kwa uwiano huohuo. Kosa lako la Kelvini 20 kwenye kilomita 85 linakuwa kama Kelvini 7.4 kwenye kilomita 79, 2.7 kwenye kilomita 73, na 1 kwenye kilomita 67. Ndiyo maana ulipofika 65 hukuona tofauti.

Kwa hiyo mchoro wako unakuambia wenyewe mahali pa kuanza kuuamini. Mimi huwa nakata kilomita 10 hadi 15 za juu kabisa kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Wapo wanaoziacha wakidhani mstari wa kosa uliochorwa pembeni unatosha, na naona hilo si sahihi, kwa sababu mstari huo mara nyingi unaonyesha kosa la takwimu tu, haumwonyeshi msomaji kosa la makadirio.

Na kosa la takwimu lipo, usilisahau. Katika angahewa ya wastani, densiti kwenye kilomita 80 ni ndogo kuliko ya kilomita 40 kwa zaidi ya mara 200, na umbali ukiwa maradufu unapunguza mwanga mara nne zaidi. Ukikusanya fotoni milioni moja kutoka tabaka la kilomita 40, tabaka lenye unene uleule kwenye kilomita 80 litakupa kama 1,150. Kosa la kuhesabu ni kipeuo cha pili cha hesabu, yaani kama 34, ambayo ni asilimia 3. Asilimia 3 ya Kelvini 200 ni Kelvini 6. Ili kulipunguza kwa nusu, inabidi ukae ukipima kwa muda mara nne.

---

Mlinzi_wa_Darubini alijibu:

Ndugu Mhesabu ameeleza vizuri hesabu yenyewe. Niongeze yale yanayotokea kabla hesabu haijaanza, kwa kuwa nimekaa na chombo cha aina hii kwa misimu kadhaa ya baridi kaskazini, na nimejifunza kwamba namba inaweza kuwa safi kabisa katika kompyuta ilhali imeharibika zamani kwenye kioo au kwenye waya.

Mfano mmoja umenikaa moyoni. Msimu mmoja tulibadilisha waya unaopeleka ishara kutoka kwenye leza kwenda kwenye kihesabio, ile ishara inayokiambia kihesabio kwamba pigo limeondoka na saa ianze. Mpangilio mpya ulichelewesha ishara kwa mikrosekunde mbili, na hakuna aliyepima upya. Mikrosekunde mbili ni mita 300. Kwa jotoridi, hitilafu hiyo ilikuwa ndogo kiasi cha kutotambulika. Tuliigundua kiangazi kilichofuata, mawingu ya usiku, yale ya barafu yanayong'aa juu sana katika usiku wa kiangazi, yalipoonekana kukaa mita 300 chini kuliko yalivyozoea. Mawingu hayo, ambayo huelea kwenye kilomita 83 hivi, hayana desturi ya kuhamahama namna hiyo: kimo alichokipata mwanafalaki Otto Jesse kwa picha zake mwishoni mwa miaka ya 1880 kilikuwa kama kilomita 82, na lida za leo zinakuta karibu palepale. Tulilazimika kurudi kwenye daftari la kituo, tarehe baada ya tarehe, mpaka tukafika siku ya waya.

Jambo la pili ni upangaji wa mhimili. Darubini haitazami anga lote. Inatazama duara dogo, na miale ya leza lazima iwe ndani ya duara hilo kutoka chini hadi juu. Ukiwa na uwanja wa kutazama wenye upana wa mikroradiani 150, duara hilo kwenye kilomita 80 lina kipenyo cha mita 12. Nyumba inapopoa usiku, vyuma vinajikunja kidogo, na mwale unaanza kuteleza kuelekea ukingoni. Fotoni zinazopotea hazipotei kwa usawa katika kila kimo, na hilo, tofauti na utandu wa mawingu aliousema ndugu yangu, halijifuti katika mgawanyo. Linageuka kuwa jotoridi la uongo. Kwa sababu hiyo tunaangalia mhimili mara kwa mara usiku kucha, au tunaacha mtambo wenyewe ujirekebishe kwa kamera.

La tatu ndilo linalougusa moja kwa moja mchoro wako, ndugu Mwanga. Mwanga unaorudi kutoka kilomita za chini ni mkali mno ukilinganishwa na ule wa juu. Ukiuachia ufike kwenye kigunduzi, kigunduzi kinapofushwa kwa muda na baadaye kinaendelea kutoa mapigo ya uongo yanayofifia polepole. Mapigo hayo yanajichanganya na fotoni chache za kilomita 80. Ndiyo maana vituo vingi huweka kisahani kinachozunguka chenye tundu, kinachofunga njia ya mwanga mpaka pigo lipande juu ya kilomita 20 au 30, ama huzima kigunduzi kwa umeme katika mikrosekunde za mwanzo. Angalia hesabu zako za kilomita 120 hadi 200, mahali ambapo hakuna hewa ya kutosha kurudisha chochote. Mstari pale unapaswa kuwa tambarare kabisa, na ndio kiwango cha chini unachokitoa katika hesabu zote. Ukikuta unateremka, hata kidogo, hicho ni kigunduzi kinachoendelea kulia baada ya kupigwa. Ukitoa kiwango kidogo kuliko inavyostahili, densiti ya juu itaonekana kubwa kuliko ilivyo, na ncha ya mchoro itaonekana yenye joto kuliko ilivyo. Kosa hilo haliondoki kwa kupima muda mrefu zaidi. Linakuwa tu laini na la kushawishi.

Kuhusu kiangazi. Ndiyo, inawezekana kupima mchana kweupe, na ALOMAR wamefanya hivyo kwa miongo kadhaa. Siri ni kuukataa mwanga wa jua kwa njia tatu kwa pamoja: duara la kutazama linafanywa dogo sana ili eneo la anga linaloingia liwe dogo, kichujio kinaruhusu rangi ile ya leza peke yake, kwa mfano nanomita 532 ambayo ni kijani, na nyuma yake vinawekwa vioo viwili sambamba, etaloni, vinavyobana rangi hiyo zaidi hata ibaki sehemu ndogo sana ya nanomita, kisha kihesabio kinasikiliza kwa muda ule mfupi tu ambao mwanga unaweza kurudi. Ukibana hivyo, leza nayo lazima iwe tulivu kwa rangi, kwa sababu ikisogea kidogo etaloni inaikataa hiyo pia. Kazi kubwa ya mchana ni kuitunza hiyo leza isitembee.

---

Sayari_Nzima alijibu:

Nashukuru kwa maelezo haya, nami nina hoja ya kupinga kidogo. Kituo kimoja kinapima safu moja ya hewa, tena anga likiwa halina mawingu tu. Satelaiti kama TIMED, iliyorushwa Desemba 2001 ikiwa na chombo cha SABER, imepima jotoridi la mesosfia kuzunguka dunia kwa zaidi ya miaka 20. Je, bado kuna sababu ya kutuma watu wakae gizani huko kaskazini kulinda leza?

---

Mhesabu_Fotoni alijibu:

Ndugu Sayari, hoja yako ni ya haki na haipaswi kupuuzwa. SABER imetufundisha mengi, na mara nyingi hata makadirio ya kuanzia hesabu ya lida tunayachukua kutoka kwake. Lakini tazama namna inavyopima. Inachungulia ukingo wa angahewa kutoka pembeni, kwa hiyo kila kipimo ni wastani wa hewa iliyotandaa kwa mamia ya kilomita kwenye mstari wa mtazamo. Tena hugeuzwa kila baada ya siku 60 hivi, na katika kila kipindi cha pili haioni maeneo ya kaskazini kabisa. Ikipita juu ya kituo, inapita mara moja, kisha haionekani tena pale kwa saa nyingi.

Lida inabaki palepale, ikitazama juu, na kila dakika chache inatoa mchoro mpya. Ukiipanga michoro hiyo mmoja baada ya mwingine unaona mistari ya joto na baridi ikishuka polepole kadiri saa zinavyokwenda. Hayo ni mawimbi ya graviti ya angahewa. (Yasichanganywe na yale ya anga za mbali yanayotokana na nyota kugongana; haya ni mawimbi ya hewa inayopanda na kushuka kwa sababu ya uzito wake, mfano wa maji ya ziwa yaliyotikiswa.) Yanazaliwa chini, pale upepo unapopanda milima au dhoruba zinaposukumana, na kwa kuwa hewa inapungua uzito juu, ukubwa wa wimbi unaongezeka ili nishati yake isipotee. Kutoka kilomita 30 hadi 80, wimbi lisilovunjika linaweza kukua kwa zaidi ya mara 30. Mwishowe linajipindua na kuvunjika, na msukumo wake unabaki katika upepo wa mahali hapo.

Msukumo huo ndio unaojibu fumbo la kiangazi cha Aktiki. Unaisukuma hewa ya mesosfia kutoka ncha yenye kiangazi kwenda ncha yenye baridi. Juu ya ncha yenye kiangazi hewa inalazimika kupanda kujaza pengo, inatanuka, inapoa. Matokeo yake, kwenye kilomita 88 hivi juu ya Aktiki, katika majira ambayo jua halitui, jotoridi hushuka hadi kama Kelvini 130, yaani nyuzi 143 za Selsiasi chini ya sifuri, na hakuna sehemu nyingine ya angahewa ya dunia inayopoa kiasi hicho, isipokuwa kimo kama hicho juu ya Antaktiki katika kiangazi chake. Upande wa pili, juu ya ncha yenye usiku mrefu, hewa inashuka, inabanwa, inapata joto. Kila nikieleza jambo hili naona jinsi lilivyo la ajabu: mahali panapopigwa na jua saa 24 ndipo penye baridi kuliko pote, na sababu ni mawimbi yaliyoanzia karibu na ardhi.

---

Mwanga_wa_Kaskazini alijibu:

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nimekwenda kuangalia hesabu zangu za kilomita 120 hadi 200 kama alivyoniagiza Mlinzi, na kweli mstari haukuwa tambarare. Ulikuwa unateremka kidogo. Nilipotoa kiwango kinachoteremka badala ya kiwango kimoja, jotoridi langu kwenye kilomita 75 lilishuka kwa Kelvini 5 hivi, ilhali chini ya kilomita 60 halikubadilika.

Lakini swali langu la pili bado linanisumbua. Ikiwa baridi kali kuliko zote ipo kwenye kilomita 88, na nikikata kilomita 15 za juu nabaki na 70, basi njia hii ya Rayleigh inaniacha nje ya mlango.

---

Mlinzi_wa_Darubini alijibu:

Umeuliza panapotakiwa, na jibu la kweli ni kwamba kwa kimo hicho, katika majira hayo, njia ya Rayleigh haifai hata ungekuwa na leza yenye nguvu maradufu. Sababu ya kwanza umeshaijua. Ya pili ni mawingu ya usiku yenyewe. Baridi ile inaigandisha hata mvuke mchache uliopo, zikatokea chembe za barafu zenye kipenyo cha makumi ya nanomita, na chembe hizo hurudisha mwanga mwingi kuliko hewa inayozizunguka. Hesabu ya densiti inadhani kila fotoni imetoka kwa molekuli. Ikipewa fotoni za barafu inasoma densiti isiyokuwepo, na jotoridi linalotoka halina maana. Kwa anayechunguza mawingu, hizo hizo fotoni ni neema: ALOMAR hupima kwa rangi tatu kwa pamoja, nanomita 1064, 532 na 355, na kwa kulinganisha jinsi kila rangi inavyorudi wamekadiria ukubwa wa chembe.

Kwa jotoridi la kimo hicho tunatumia mlango mwingine. Vimondo vinavyoungua vinapoingia angahewa huacha atomu za metali, na atomu hizo hukaa katika tabaka kati ya kilomita 80 na 105 hivi. Sodiamu inaitikia mwanga wa nanomita 589, potasiamu 770, chuma 372. Leza ikisawazishwa na rangi hiyo kamili, atomu inaumeza mwanga na kuutoa tena, na mwitikio huo ni mkali mno kiasi kwamba atomu chache sana zinatosha. Zaidi ya hapo, rangi inayopokelewa haiko kwenye mstari mwembamba; imepanuka kwa sababu atomu zinakwenda huku na huko, na zinakwenda kwa kasi zaidi hewa ikiwa na joto zaidi. Leza inasogezwa kidogo kidogo kuvuka upana huo, na upana ndio jotoridi. Hapa hakuna namba ya kuanzia juu, kila kimo kinajisemea chenyewe. Lida ya potasiamu iliyowekwa Spitsbergen mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye nyuzi 78 za kaskazini, ilipima baridi ya kiangazi kwa njia hiyo.

Ina mpaka wake pia. Atomu za metali hunaswa kwenye barafu, hivyo katika kiangazi ukingo wa chini wa tabaka hupanda, na kati ya mwisho wa Rayleigh na mwanzo wa metali kunabaki pengo la kilomita kadhaa ambalo lazima ulikiri kwenye mchoro wako. Tafadhali usiliunganishe kwa mstari laini.

---

Mwanga_wa_Kaskazini alijibu:

Nimeelewa, Mlinzi. Sitaliunganisha.

Swali moja la mwisho, linalohusu zoezi langu la Januari. Baada ya marekebisho, stratopozi, ile sehemu yenye joto zaidi ambayo vitabu vinaiweka karibu na kilomita 50, sikuiona pale. Mchoro wangu una joto lisilo la kawaida kwenye kilomita 38, kisha unapoa mfululizo kwenda juu. Je, nimeharibu kitu?

---

Mhesabu_Fotoni alijibu:

Kabla ya kujilaumu, tazama tarehe ya usiku huo. Kilomita 38 iko mbali mno na ncha ya juu. Hakuna makadirio wala kigunduzi kinachoweza kuzusha joto pale bila kuacha alama nyingine. Katikati ya majira ya baridi, mara kwa mara mawimbi makubwa ya sayari hupanda kutoka chini na kuuvunja upepo wa mzunguko unaoizingira ncha ya kaskazini. Hewa ya stratosfia hushuka kwa nguvu na kupata joto kwa makumi ya nyuzi ndani ya siku chache, wakati mesosfia iliyo juu yake inapoa. Jambo hili liligunduliwa na Richard Scherhag mjini Berlin mwaka 1952 kwa vipimo vya puto. Januari 2009 lilitokea kwa nguvu kubwa: stratopozi ilishuka, ikavunjika hata isitambulike, kisha ikajiunda upya juu sana, kwenye kilomita 75 hadi 80, na kushuka polepole katika wiki zilizofuata.

Muombe aliyekupa data akupe pia usiku wa siku tano kabla na siku kumi baada. Kama joto lako la kilomita 38 ni la kweli, utaliona likishuka kutoka juu usiku baada ya usiku, na baadaye utaona joto jipya likichomoza karibu na ncha ya mchoro wako, mahali palepale ambapo tumekuambia usiharakishe kuamini. Hapo ndipo utahitaji kiwango cha chini ulichokisahihisha leo. Tuletee michoro hiyo ukiipata, nasi tutaitazama pamoja.